Tone la Ijumaa

Pangani, 12 Mei 2024

Shemeji Kristofa,

Salamu nyingi kwako na kwa mkeo, Dada Benedikta. Huku tu wazima, ila mvua za mwaka huu zimetuchosha.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Niko eda, shemeji, na nimejiwekea kwamba sauti yangu haitamfikia mwanamume asiye maharimu wangu mpaka nimalize. Wapo wanaosema nimezidisha. Wacha nizidishe. Barua hii jirani atampa kondakta wa basi, naye atamkabidhi binti yako Queen pale Mabawa, Tanga, akufikishie.

Jambo lenyewe ni pikipiki ya marehemu mume wangu, rafiki yako Badr. Tangu afariki mwezi wa tatu haijawaka. Juzi nimeipiga kiki mpaka mguu ukaingia ganzi. Petroli imo, lakini injini kimya kabisa.

Unajua Mungu hakutujaalia watoto, kwa hiyo mrithi mwenzangu ni Amjad, mdogo wake marehemu. Hana ubaya. Nyumba ameniachia kwa moyo mkunjufu. Lakini pikipiki haitaki uani. Aliniambia kupitia dirisha: "Shemeji, kila niionapo nahisi kaka yu ndani, yuwaja sasa hivi. Siku ya kutoka eda, ikiwaka ni yako. Isipowaka naja na kirikuu, kile kigari cha mizigo, naipeleka kwa wanunua vyuma chakavu." Nimekubali, jirani akanipelekea jibu. Neno nimelitoa, sirudi nyuma.

Sasa unisikilize na mimi. Wewe ulituona mnazini kule Bweni, ng'ambo ya mto, mwaka ule Badr ananifundisha kuiendesha, anakimbia nyuma yangu ameshikilia kiti, anapiga kelele "Klachi! Klachi!" Ulicheka mpaka ukakaa chini, kwa hiyo huna haki ya kushangaa. Badr amezikwa mnazini palepale. Wanaume walimvusha na jeneza, nami nikabaki ndani nasikiliza hatua zao zikipungua. Kaburi lake sijaliona. Nataka siku nitakayotoka nivuke kivuko na pikipiki yake, niendeshe mwenyewe, nikamwombee dua. Kupakiwa kwenye kirikuu sitaki.

Mafundi wa bodaboda wa hapa hawaijui. Mmoja aliichungulia akauliza, "Hii mashine ya makumbusho?" Kwa hiyo nifundishe kwa barua. Mfungo Nne, yaani Muharamu, ukiandama mwanzoni mwa Julai, eda yangu imekwisha. Mikono ninayo.

Shemeji yako,
Ghanima


Maramba, 17 Mei 2024

Shemeji Ghanima,

Pole tena na msiba. Barua yako imefika ikiwa na harufu ya dagaa. Inaonekana kondakta aliihifadhi pamoja na kitoweo chake.

Nimetengeneza pikipiki hiyo tangu Badr hajaota ndevu, na sijawahi kuitibu kwa barua. Haya, tujaribu. Injini ya petroli haina makuu, inataka mafuta, hewa na cheche. Kama petroli ipo na inakaa kimya bila hata kukohoa, mimi naishuku cheche.

Anza na betri. Imekaa muda mrefu, ipeleke ikachajiwe. Ukiirudisha, washa swichi ubonyeze honi. Honi ikilia, umeme upo. Kisha fungua plagi, irudishe kwenye kofia ya waya wake, ilaze juu ya kichwa cha injini, chuma kwa chuma. Jifunike na pikipiki yako chini ya shuka nzito ili pawe na kiza, halafu upige kiki. Kati ya ncha za plagi inatakiwa iruke cheche.

Niandikie kila kitu unachokiona: rangi yake, inavyolia. Usinifupishie. Nataka nione kwa macho yako.

Mwandiko umenyooka kuliko ule unaoujua. Ni wa Benedikta, mimi mikono yangu imejaa grisi kutwa.

Shemeji yako,
Kristofa


Pangani, 23 Mei 2024

Shemeji Kristofa,

Umeniponza!

Mwanamkasi, jirani yangu anayelala hapa kunitunza, aliibeba betri kwenye kikapu kama anapeleka vitumbua, akairudisha imechajiwa. Nikafunga mwenyewe. Nikawasha swichi, nikabonyeza honi. Hukuniambia kwamba Badr aliweka honi ya lori! Mwanamkasi alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi: "Ghanima we! Mjane wa eda apiga honi? Watu watatuelewaje?" Watu hawakuchelewa. Mama wa nyumba ya pili aligonga mlango akauliza kama kuna harusi.

Basi umeme upo. Plagi nimeitoa, nimejifunika shuka mbili, Mwanamkasi akapiga kiki huku akisoma istighfari. Hakuna kitu. Nimekodoa macho mpaka yakatoa machozi, hakuna hata nukta ya mwanga. Tukaweka plagi mpya aliyokuwa ameiweka Badr kabatini. Hakuna.

Mwanamkasi anasema niache, chuma kikifa kimekufa. Nimemwambia ashike upande wake wa shuka.

Ghanima


Maramba, 28 Mei 2024

Shemeji Ghanima,

Honi hiyo nilimfungia mimi. Alisema punda wa Pangani hawaondoki njiani kwa honi za watoto.

Sasa tunaingia ndani. Ubavuni mwa injini kuna kifuniko cha mviringo chenye skrubu mbili. Fungua. Utaona vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana kila injini inapozunguka. Hivyo ndivyo platina. Vikigusana umeme unapita kwenda kwenye koili, inayoukuza. Vikiachana, koili inarusha cheche kwenye plagi. Visipopitisha umeme, hupati kitu.

Fanya jaribio hili kwa makini. Plagi ilaze kama mwanzo. Zungusha injini polepole mpaka platina ziachane. Washa swichi. Chukua bisibisi, gusa kwa pamoja mkono wa platina unaochezacheza na chuma cha bodi, kisha uiondoe haraka. Wakati unaiondoa, Mwanamkasi atazame plagi. Cheche ikiruka, koili yako ni nzima na waya ni mzima, ubaya uko kwenye nyuso za platina. Isiporuka, tutahangaika na koili.

Ikiwa ni nyuso, pitisha msasa laini katikati, kisha karatasi safi. Na usiushike waya wa plagi kwa mkono wa maji.

Kristofa


Pangani, 6 Juni 2024, Alhamisi

Shemeji!

Imeruka! Niliugusa mkono wa platina na bisibisi, nikaondoa, Mwanamkasi akapiga ukelele: "Hiyo hapo! Ya buluu!" Nikarudia, ikarudia. Mara ya tatu nikaegemea waya wa plagi kwa kiwiko, ikanichapa vizuri. Sikulia. Nilicheka, shemeji. Sijacheka tangu mwezi wa tatu.

Nikapitisha msasa na karatasi kama ulivyosema. Tukapiga kiki bila bisibisi, na cheche ikaja yenyewe. Nyembamba, ya buluu, inalia ta, ta.

Sijaiwasha. Plagi nimeirudisha mahali pake nikafunika. Jumamosi Amjad anakuja kuleta mchele, na nataka aisikie kwa masikio yake. Barua hii naiacha wazi nikuongezee.

8 Juni, Jumamosi

Shemeji, nimeaibika.

Amjad alisimama nje ya ua, nami nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena na tena. Nikamsikia anasema pole, kwa upole ambao ungenifaa zaidi kama ungekuwa tusi. Alipoondoka nikatoa plagi, tukajifunika shuka. Hakuna cheche.

Alhamisi ilikuwepo! Mwanamkasi shahidi. Imekwenda wapi?

Ghanima


Maramba, 12 Juni 2024

Shemeji Ghanima,

Nimesomewa barua yako mara mbili. Platina iliyosafishwa haichafuki kwa kukaa. Kuna kitu kimeingia kati ya Alhamisi na Jumamosi. Ua unavuja? Kuna mtoto anachezea? Nani aliigusa pikipiki siku ya Ijumaa?

Jibu swali hilo kabla ya kufanya lolote. Kisha safisha tena, ujaribu kila siku, uniambie siku gani cheche inapotea.

Kristofa


Pangani, 19 Juni 2024

Shemeji Kristofa,

Nimesafisha siku ile ile barua yako ilipofika, Alhamisi. Cheche ikaja. Jumamosi haikuwepo. Ua hauvuji. Mtoto hakuna. Pikipiki haiguswi na mtu, inalala chini ya shuka, na ufunguo wa ua uko kiunoni mwangu. Usiniulize tena nani ameigusa, maana unaniuliza kama polisi.

Nisamehe. Idi imenipita vibaya. Amjad alileta nyama, akaniambia kirikuu ameshakiazima kwa siku ya kutoka eda. Alisema kwa huruma. Nikamtuma Mwanamkasi amjibu kwamba kirikuu kitarudi kitupu, nikafunga dirisha.

Nimeamua hivi. Nimetoa bamba zima la platina, pamoja na kile kitambaa kidogo cha sufi kinachoegemea katikati. Kabla ya kulitoa nimekwaruza alama kwa kisu ili nijue lilipokuwa. Nakutumia. Litazame mwenyewe kwa macho yako uniambie lina nini. Mimi sioni ubaya wowote.

Ghanima


Maramba, 24 Juni 2024

Dada Ghanima,

Leo ni mimi Benedikta, na Kristofa hajui ninayoyaandika mpaka nimsomee. Nina mambo mawili.

La kwanza: Kristofa haoni. Ugonjwa wa mtoto wa jicho umemfunga macho yote mawili, sasa ni mwaka. Anaona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu, basi. Amekuficha kwa sababu, kama alivyosema, "Mjane akijua fundi wake kipofu atakata tamaa." Ndiyo maana anataka umwambie rangi. Barua zako namsomea, na uliposema cheche ni ya buluu alipiga meza kwa furaha, chai ikamwagika.

La pili ni gumu zaidi. Bamba lako lilipofika, alilifungua kwenye kitambaa akalipapasa. Kisha akalinusa. Akalinusa tena, akanisogezea. Nikachukua nami nikanusa. Mafuta ya nazi, dada, yaliyopikwa na karafuu na asumini. Ile sufi imelowa chepechepe, na kwa baridi hii ya Maramba mafuta yameganda juu ya platina kama samli. Umeme haupiti kwenye samli, iwe imeganda au imeyeyuka.

Kristofa alinyanyuka akaenda kukaa nje. Aliporudi akaniambia niandike kwamba platina zimechakaa tu, amezitengeneza, mambo yamekwisha. Anajua mafuta hayo ni ya kichwa, anajua mjane wa eda hajitii manukato, na hakutaka barua iseme jambo la kukufedhehesha. Nikamkatalia. Nilimwambia: ukimficha, Ijumaa atatia tena, na kirikuu kitaondoka na pikipiki. Heshima ya namna hiyo itamkosesha kaburi la mumewe.

Mambo ya dini yenu si yangu kuyasema, na hakuna atakayesikia kutoka kwangu. Nasema la platina tu. Kristofa amesafisha kila kitu kwa petroli na vidole vyake, ameweka sufi mpya kavu. Bamba hilo hapo, lifunge penye alama yako. Usiweke mafuta hayo tena.

Dada yako,
Benedikta


Pangani, 30 Juni 2024

Dada Benedikta,

Nimesoma barua yako nikaificha chini ya godoro, kisha nikaitoa nikamsomea Mwanamkasi. Ya nini kuogopa kuonekana na mtu anayelala chumba kimoja nami?

Nitakwambia yote. Badr kila Ijumaa akirudi msikitini alikuwa anavua kanzu, anafungua kile kifuniko, anatia tone moja la mafuta ya mashine kwenye sufi. Tone moja. Alikuwa na kichupa chake kidogo. Mimi nakaa kibarazani natia mafuta kichwani, yeye anatia yake. Ananiambia, "Wewe na huyu mwenzio mnanimalizia Ijumaa yangu." Miaka yote hiyo.

Alipofariki, ikaja Ijumaa ya kwanza, na mimi siruhusiwi mafuta yangu, na pikipiki imekaa haina wa kuitia yake. Kichupa chake kilikuwa kikavu. Chupa yangu imejaa, Badr ndiye aliyeninunulia asumini yake. Nikasema, kama si mimi, basi huyu mwenzangu apate. Kichwani mwangu hakijafika hata kidole, Mungu ananijua. Ila kwenye sufi ile sikupima tone, dada. Nilimimina. Mkono ulikuwa unataka kumimina. Na Alhamisi nikisafisha, Ijumaa nakwenda tena kuitunza, nikijiona mke mwema.

Kristofa aliponiuliza nani ameigusa, nilisema hakuna. Niliona kama ananiuliza kuhusu chumbani kwangu.

Mwanamkasi alipomaliza kusikiliza hakunikemea. Alisema, "Nilikuwa nanusa asumini kila Ijumaa nikidhani ni roho ya marehemu." Tukacheka, kisha tukalia sana.

Juzi ilikuwa Ijumaa. Nilikaa kibarazani mikono nimeifumbata mapajani, sikutia kitu. Ilikuwa ngumu kuliko ninavyoweza kuandika. Jana asubuhi, cheche. Leo, cheche. Lakini nikirudisha plagi na kupiga kiki, inakohoa tu, inataka kushika halafu inazima. Siku zimekwisha, mwezi unaandama wiki ijayo.

Mwambie shemeji kwamba nimejua haoni, na sijakata tamaa. Aliona kwa pua jambo ambalo mimi sikuliona kwa macho mawili.

Ghanima


Maramba, 3 Julai

SHEMEJI.
NAANDIKA MWENYEWE, MISTARI ITAPANDA MILIMA. VUMILIA.
PETROLI NI YA MWEZI WA TATU. IMWAGE YOTE, TIA MPYA.
PLATINA ZIKIACHANA KABISA, NAFASI YAKE NI UNENE WA KADI YA HARUSI. LEGEZA SKRUBU YA PLATINA, SOGEZA MPAKA KADI IPITE KWA KUBANWA KIDOGO, KISHA KAZA. MSASA UMEKULA, NAFASI IMEKUWA KUBWA.
KWENYE SUFI, GRISI, KAMA KICHWA CHA KIBERITI. BASI.
KIKI USIIPIGE KWA HURUMA. PIGA KAMA UNAFUKUZA MBUZI KWENYE MCHELE.
KRISTOFA


Pangani, 10 Julai 2024

Shemeji Kristofa na Dada Benedikta,

Nimetoka.

Mwezi ulipoandama nilifanya kama ulivyoagiza. Petroli nimemwaga, nimetia mpya. Kadi ya harusi niliitafuta makabatini, zote zikawa nyembamba, za siku hizi. Nikaichukua ya kwangu mimi na Badr, ile ngumu yenye maandishi ya dhahabu. Nimekata kona yake. Ilipita kwa kubanwa kidogo.

Asubuhi ya kutoka nikaoga, nikavaa buibui jipya. Amjad akaja mapema na kirikuu, kimerudi kinyumenyume mpaka mlangoni, kamba ziko tayari. Majirani nao hawakosi. Nikawasha swichi. Kiki ya kwanza kimya. Ya pili ikakohoa. Nikawaza kaburi, nikawaza kwamba nitapelekwa kama mzigo na pikipiki itaondoka upande mwingine, na hasira ikanipanda. Nikapiga ile ya kufukuza mbuzi.

Iliwaka, shemeji. Iliwaka ikajaza ua mzima, kuku wakaruka ukutani. Mwanamkasi akapiga vigelegele kisha akajiziba mdomo. Amjad aligeukia ukuta, na mabega yake nikayaona yanavyotikisika. Baadaye akaniambia, "Nilitaka iondoke nisimkumbuke. Kumbe sauti yake nilikuwa naitamani." Akafungua kamba zake, akasogeza kirikuu, akanifungulia mlango. Alitangulia kwenye kivuko kuniwekea nafasi.

Njiani klachi ilinikataa mara moja. Punda mmoja alikataa kuondoka, nikampigia honi, akaondoka. Kivukoni watu walinitazama kama wanatazama sinema. Nami nikawatazama.

Kaburi ni dogo kuliko nilivyodhani. Wameliweka vizuri, kati ya minazi miwili. Sikuizima pikipiki. Niliiacha inanguruma polepole kandoni, nikasoma Yasini yangu mpaka mwisho, nikamwambia, Badr, huyu mwenzangu njiani kazima mara moja tu, kwa kuchoka. Hapo ndipo nililia yote niliyoyaacha nyuma siku ile walipomvusha.

Sauti yangu sasa iko huru. Ijumaa baada ya swala Dada Benedikta akae na simu karibu. Usiseme neno, Kristofa. Nitaishika simu karibu na injini, na wewe usikilize uniambie kama nafasi ya platina iko sawa. Na Queen ameniambia kuna madaktari wa macho Tanga mjini. Umenifundisha kuvumilia barua kwa barua, nami sitakuacha upumue mpaka uende.

Grisi nimetia kama kichwa cha kiberiti, sikuzidisha. Mafuta yaliyobaki chupani nilikaa kibarazani jioni ile, Mwanamkasi akanipaka yote kichwani.

Ghanima